Kiingereza cha Mtihani

Katika shule nyingi za sekondari nchini China, asubuhi huanza kwa kelele. Kabla ya kipindi cha kwanza wanafunzi husoma Kiingereza kwa sauti, kila mmoja na ukurasa wake, darasa likavuma kama mnada wa samaki. Ajabu ni kwamba mgeni akiwauliza swali dogo kwa lugha hiyo, wengi hupata kigugumizi.

Mimi nawalaumu watunga mtihani. Gaokao, mtihani wa kuingia chuo kikuu unaofanyika kila Juni, katika majimbo mengi una alama 750, na Kiingereza hubeba 150. Mara nyingi kuzungumza hakumo katika hesabu hiyo. Nani basi atatumia jioni yake kupiga soga kwa lugha ya kigeni?

Jiji la Beijing limebadili mambo: tangu 2021, alama 50 kati ya hizo 150 ni za kusikiliza na kuzungumza, mtahiniwa akijibu mbele ya kompyuta. Ni hatua, ingawa kompyuta haimkatizi mtu wala haimcheki. Kwa hilo, afadhali kona za Kiingereza bustanini, kama ile maarufu ya Shanghai, ambako kijana hubishana na mstaafu, wote wakivunja sarufi bila haya.