NANI ANAYEKUNYWA DAMU YETU?

Masomo: Mwanzo 4:8-12, Kutoka 23:1, Waefeso 6:12



Wazazi kadhaa wametuuliza juu ya filamu za vampiri ambazo vijana wanaangalia kwenye simu mpaka usiku wa manane. Vampiri ni yule maiti wa hadithi za Ulaya anayetoka kaburini kunywa damu ya walio hai. Je, kijana wa kanisa aangalie mambo hayo? Kwa maoni yetu, usingizi anaoupoteza unatosha kuwa sababu ya kumnyang'anya simu siku za masomo. Lakini filamu ina mwisho. Betri inaisha, kijana analala. Sisi tunaogopa zaidi hadithi ya damu inayosimuliwa kisimani na pale wamotari wanapongoja wateja, maana ile inasimuliwa kama habari, na jina la jirani limo ndani yake.

Hadithi hiyo haikuletwa na filamu. Katanga, wakati wa Wabelgiji, watu walisimuliana habari za batumbula, waliosemekana kutumwa na wazungu kukamata watu usiku, kuwapasua na kuchukua damu au nyama yao. Kenya na Uganda waliitwa wazimamoto, na gari la kuzima moto likaogopwa kama simba. Pwani waliitwa mumiani. Neno hilo limo katika kamusi kubwa ya Kiswahili na Kiingereza iliyochapwa mwaka 1939, kama dawa nyeusi ambayo watu walidhani imetengenezwa kwa damu ya binadamu. Katika nchi ambayo leo ni Zambia waliitwa banyama, na hata mapadri wamisionari walishtakiwa kuwa kati yao.

Kwa nini watu wenye akili zao walisadiki? Kwa sababu walikuwa wanaliwa kweli. Hapa kwetu dhahabu ilipatikana Kilo mwaka 1903, na baada ya hapo wanaume walitolewa vijijini kwa nguvu wakachimbe na kubeba mizigo. Mtu aliondoka na nguvu zake, akarudi mifupa, au hakurudi. Lubumbashi, mwezi wa kumi na mbili 1941, wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai mshahara. Askari wakafyatua risasi, makumi wakafa. Aliyeona hayo akiambiwa kwamba mkubwa wa kampuni anakunywa damu, atakataa kwa sababu gani?

Hata katika Dracula, kitabu alichokitoa Bram Stoker wa Ireland mwaka 1897, mnywa damu ni tajiri mwenye ngome, anayenunua nyumba London na kuongea kwa adabu. Tena hawezi kuingia katika nyumba mara ya kwanza bila mtu wa ndani kumkaribisha. Hapo mwandishi aligusa kitu. Watu wanaendelea kukisoma kitabu hicho zaidi ya miaka 120 kwa sababu kila nchi inamjua bwana wa namna hiyo, na inawajua waliomfungulia mlango.

Lakini angalieni hadithi inavyogeuka. Inaanza na maumivu ya kweli, halafu inatafuta uso, na uso unaopatikana kwa urahisi ni wa mtu wa karibu asiye na wa kumtetea. Huko Exeter, katika jimbo la Rhode Island, Marekani, familia moja ilikuwa inamalizwa na kifua kikuu. Mama alikufa, binti wa kwanza akafuata, na mwaka 1892 akafa Mercy Brown, mwenye miaka 19. Kaka yake Edwin naye alikuwa mgonjwa. Majirani wakasema mmoja wa wafu ananyonya uhai wake. Walifungua makaburi, wakachoma moyo wa Mercy, majivu yakachanganywa na maji, na Edwin akayanywa. Alikufa kabla miezi miwili haijaisha. Na miaka kumi kabla ya hapo, 1882, Robert Koch alikuwa amekwisha kuonyesha kijidudu kinacholeta kifua kikuu. Ilikuwa nchi ya shule, magazeti na makanisa mengi.

Sisi wa Ituri hatuwezi kuwacheka. Mwaka 2001, kwetu Aru, watu mamia waliuawa katika majuma machache kwa kushtakiwa uchawi. Waliowaua walikuwa watu wa vijiji vilevile.

Kisha ikaja Ebola. Ilitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 mwezi wa nane 2018, ikaingia Ituri, na ilipotangazwa kuisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020 ilikuwa imechukua watu zaidi ya 2,200. Maneno ya siku zile tunayakumbuka: chanjo ni sumu, maiti anatolewa viungo vikauzwe, ukiingia kwenye hema huchomoki. Batumbula yuleyule, sasa amevaa nguo za plastiki na kupanda jeep nyeupe. Na maneno hayo yalikuwa na mzizi. Watu waliozika ndugu zao miaka na miaka ya vita, bila jeep kufika, waliuliza kwa nini leo zimekuja nyingi hivi. Swali hilo lilikuwa halali, na wakubwa walichelewa kulijibu. Uvumi ukalijibu mbele yao, na jibu lake likaua. Tarehe 2 mwezi wa kumi na moja 2019, Papy Mumbere Mahamba, mtangazaji wa radio ya jamii huko Lwemba, upande wa Mambasa, aliuawa nyumbani kwake baada ya kuendesha matangazo juu ya Ebola. Alikuwa mtu wa maikrofoni kama sisi.

Wengine watauliza: ninyi wa radio mnakana uchawi na pepo? Hapana. Tunaomba, tunafunga, na katika jina la Yesu tunatoa pepo. Lakini Paulo aliwaandikia Waefeso kwamba vita vyetu havipigwi na damu na nyama. Anayechukua panga kumwendea mama mzee wa kartie anapigana na damu na nyama kabisa, hata kama amefunga siku tatu.

Turudi kwa Kaini. Habili alipouawa, Mungu hakumpa mtu ndoto ya kutafuta mnywa damu. Alimwuliza muuaji mwenyewe, ndugu yako yuko wapi, na damu ikalia toka ardhini. Ardhi ya Bunia ilinyweshwa damu mwaka 2003, ya Djugu imenyweshwa mara nyingi kabla na baada. Waliomwaga damu hiyo wana majina, wana makundi, wana waliowapa silaha na walionunua dhahabu yao, na wengine tunakaa nao kwenye benchi moja siku ya yenga. Juu ya hiyo tunanyamaza. Juu ya mnywa damu wa usiku tunaweza kushuhudia saa mbili. Ni rahisi zaidi, maana mama mzee hana bunduki.

Tukumbuke pia kwamba sisi wenyewe tuliwahi kuitwa wanywa damu. Mwaka 177, katika mji wa Lyon, Ufaransa ya leo, wakristo walishtakiwa kula watoto. Watu walikuwa wamesikia habari za mwili na damu mezani, wakaongeza yao. Mama mmoja aliyeitwa Biblis aliteswa akiri. Akawajibu wale watesi: watawezaje kula watoto, watu ambao hata damu ya mnyama wamekatazwa? Akauawa pamoja na wengine. Kanisa lililozaliwa katika uvumi wa namna hiyo lingepaswa kuwa gumu sana kusadiki uvumi.

Sasa neno la nyumbani. Mtoto mwenye malaria kali anaweza kupungukiwa damu hata kufa siku ileile asipoongezewa. Mara nyingi mama anatumwa kutafuta ndugu wa kumtolea, na ndugu wanajificha, maana wamesikia kwamba damu inauzwa, au kwamba ukitoa hutapata nguvu tena. Mtu mzima ana lita tano hivi za damu. Anayetoa anatoa chini ya nusu lita. Maji yake yanarudi kwa siku chache, na chembe nyekundu kwa majuma machache. Kama kuna anayeuza damu kwa siri, ashtakiwe kwa jina na kwa mashahidi wawili, sawasawa na Kumbukumbu la Torati 19:15. Mtoto aliye kitandani hana kosa. Sisi tunaoimba juu ya damu ya Yesu kila ibada, tuwe wa kwanza kunyoosha mkono. Wazee wa kanisa watangulie, vijana wawaone.

Na kwa wanaotuletea ushuhuda wa kusoma hewani: tunawashukuru, tunapenda kuupokea. Mtu akisimulia jinsi Bwana alivyomfungua, tutasoma yote. Lakini karatasi inayomtaja jirani, shangazi au mtoto kuwa ndiye anayekunywa damu ya familia, hatutaisoma. Tutairudisha mkononi kwa aliyeileta, na tutamwomba twende naye kwa huyo jirani, mchana, tukakae na kuzungumza.