Mtoto Anayekwama Kusoma: Tumsaidie, Tusimvunje

(Mada iliyozungumzwa mbele ya wazazi na vijana, Malindi, baada ya swala ya Alasiri, mwezi wa Ramadhani)



Wazazi wangu, ndugu zangu vijana, shukrani zote ni za Allah (s.w.t.) aliyetufikisha katika mwezi ulioteremshwa Qur'ani. Neno la kwanza kumshukia Mtume wetu (s.a.w.) lilikuwa amri ya kusoma. Basi leo tumzungumze yule mtoto ambaye kusoma kwenyewe kunamshinda. Hakosi mtaani, ukianzia Mambrui na Shela hapa Malindi mpaka Takaungu na Mtwapa.

Unamjua. Ukimtuma dukani, anarudi na chenji kamili. Akisikizwa sura fupi mara chache, ameihifadhi. Lakini mpe kitabu: "baba" anasoma "dada", mstari anauruka, jasho linamtoka. Skuli anaitwa mzito, chuoni anaonja kiboko, nyumbani anaambiwa, "Mdogo wako keshakupita!" Mwishowe kila asubuhi anaumwa na tumbo, kisha anaanza kutoroka. Tukimkuta ufuoni saa za masomo, twasema mtoto ameharibika. Kwani nani aliyemfukuza?

Kwanza, tufahamu tatizo lenyewe. Wako watoto wenye akili timamu ambao bongo zao hupata tabu kuunganisha herufi na sauti yake. Hali hii huitwa disleksia. Si jambo la jana: mwaka 1896 daktari mmoja wa Uingereza, Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14, mwerevu, aliyeshindwa kusoma tu. Mara nyingi hali hii hurithiwa katika ukoo. Si uvivu, si jini, wala si kijicho cha jirani.

Halafu tazameni mzigo wa mtoto wetu wa pwani. Chuoni anasoma kutoka kulia, na be, te na the zatofautiana kwa nukta tu. Skuli anasoma kutoka kushoto. Kiswahili herufi zake hazigeuki sauti, lakini Kiingereza "put" na "but" zaandikwa sawa na kutamkwa mbali mbali. Kwa mtoto mwepesi ni sawa. Kwa huyu wetu, ni mlima.

Na tahadhari moja: huenda mtoto akasoma Juzuu Amma yote vizuri, kumbe hasomi, anakumbuka. Kidole kiko mstari mwingine, mdomo uko mwingine. Mwonyeshe neno moja katikati ya ukurasa, utajua. Ukigundua, usimkaripie. Hifadhi yake ni neema, msifu kwayo, kisha mrudishe pole pole kwenye herufi.

Sasa tufanyeje?

Moja, apimwe macho na masikio hospitali. Pengine haoni ubao tu.

Pili, cheza naye sauti. Mama akikaanga kaimati kabla ya futari, mwambie apige makofi: ka-i-ma-ti, mara ngapi? Tukiondoa "ka" yabaki nini? Huo mchezo ndio msingi wa kusoma.

Tatu, dakika kumi na tano kila siku, wala si saa mbili za kilio. Anza na Kiswahili: ma, me, mi, mo, mu. Achore herufi mchangani kwa kidole huku akitamka. Kaka na dada, kazi hii ni yenu pia. Msomee hadithi, naye afuate kwa kidole.

Nne, mwalimu wa skuli na ustadhi wa chuo wapeane habari. Akifika gredi ya pili au ya tatu bado amekwama, muulize mwalimu mkuu kilipo kituo cha EARC. Vituo hivi vilianzishwa nchini mwaka 1984 kupima watoto wenye mahitaji maalumu.

Tano, fimbo iwekwe chini. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yakataza kumpiga mwanafunzi na kumtesa kwa maneno. Na sisi tuna zaidi ya sheria. Katika hadithi ya Bi. Aisha (r.a.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametufahamisha kwamba anayesoma Qur'ani kwa tabu, akikwama kwama, ana ujira mara mbili. Subhanallah! Aliyeahidiwa ujira mara mbili, sisi twamchapa mbele ya wenzake?

Ndugu zangu, usiku wa leo kabla ya kwenda tarawehe, mwite mtoto wako. Mkalishe karibu nawe, fungueni ukurasa mmoja tu. Akikosea, mtamkie, arudie. Akipata neno moja, mwambie mashallah, na aisikie kutoka kinywani mwako.

Allah atupe subira, awafungulie watoto wetu vifua vyao, na atutakabalie funga zetu. Amin.