Kabla ya kumfukuza kijana, tazama pipa

Juma hili nazungumza habari ya kitu kidogo kinachogombanisha watu wengi: maji yaliyoingia ndani ya dizeli. Nazungumza hasa na wewe uliye mjini, mwenye mashine ya kusaga kijijini, mwenye lori la viazi, au mwenye boti kule Ziwa Nyasa, ambaye chombo chako kinaendeshwa na kijana unayemwona mara moja kwa mwezi. Siku chombo kinapozima, fundi akafungua filta akakuta maji, hukumu huwa tayari. Kijana ameiba mafuta akajazia maji. Mshahara unakatwa, au kazi inakwisha.

Kesi ya namna hiyo niliikuta Kichiwa, baina ya Makambako na Njombe. Mashine ya kusaga ilikuwa imelala siku tisa, akina mama wanajitwika mahindi kwenda kijiji cha pili, na kijana mwendeshaji alikuwa amepewa mambo mawili achague: alipe pampu ya dizeli au aende polisi. Mwenye mashine, mzee wa heshima zake, alikuwa amepanda basi toka mjini kuja kumaliza shauri. Kijana aliamkia, "Shikamoo mzee," kisha akasema neno moja tu: "Mimi sijatia hata kikombe." Nikaomba kuonyeshwa pipa. Tukapelekwa nyuma ya kibanda. Pipa la lita 200 limesimama wima uwanjani, juu yake kidimbwi cha maji ya mvua, na mfuniko umezama katikati ya kidimbwi hicho.

Pipa, ndugu zangu, linapumua. Mchana jua likilipiga, hewa iliyomo ndani hupanuka na kupenya nje kwenye hesi za mfuniko. Usiku baridi ikiingia, hewa ile husinyaa na pipa huvuta. Litavuta nini? Kile kilichoko juu ya mfuniko. Matone machache leo, matone machache kesho, na masika hayaishi upesi kule. Ikija Juni na Julai, mvua hakuna lakini baridi ya Njombe mnaijua: pipa lililobaki nusu limejaa hewa, na unyevu wa hewa hiyo hugeuka umande kwenye bati la ndani na kutiririka chini. Dizeli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo maji hukaa chini kabisa, yakimngoja atakayechovya mpira mpaka mwisho.

Simtetei kila kijana. Wizi wa mafuta upo, na wengine huuficha kwa maji kweli. Ila mambo haya mawili yanaweza kutenganishwa kwa hesabu. Chukua dizeli iliyonunuliwa, toa iliyotumika. Inayobaki ndiyo inayopaswa kuwamo. Kisha pima maji. Pipa likiwa limesimama, kila sentimita moja ya maji chini yake ni karibu lita mbili na nusu, na ipo dawa ya kupaka kwenye kijiti inayobadilika rangi mahali inapogusa maji. Ikiwa dizeli imetimia na maji ni ziada juu yake, hakuna aliyeiba. Ikiwa dizeli imepungua kwa kiasi kilekile cha maji, hapo una haki ya kuuliza. Kijana wa Kichiwa alikuwa na daftari lake la shule lenye hesabu za kila siku. Tulipopima, dizeli ilitimia. Mzee alikaa kimya kitambo, halafu akatuma mtu kutafuta matofali ya kulilazia pipa.

Wapo watakaosema kwamba serikali ilikwisha weka vinasaba kwenye mafuta. Ni kweli, kazi hiyo ilianza mwaka 2010, shabaha yake ikiwa kuwanasa wanaochanganya dizeli na mafuta ya taa na wanaouza humu nchini mafuta yanayopita kwenda nchi jirani. Ni hatua njema. Lakini kinasaba hakina habari na mvua iliyonyesha nyuma ya kibanda chako.

Hasara yake mashineni si ndogo. Ndani ya pampu ya dizeli vyuma hupishana kwa nafasi ya sehemu chache za elfu za milimita moja, na kinachovilainisha ni dizeli yenyewe. Maji hayana ulaini huo. Yakipita, vyuma vinasagana. Yakilala humo, vinashika kutu. Yakifika kwenye nozeli yenye moto huweza kugeuka mvuke ghafla na kuimega ncha yake. Tena pale maji yanapokutana na dizeli huota kuvu inayokula mafuta, ikaacha uteute mweusi unaoziba filta. Watu huuona uteute huo wakadhani ni uchafu wa kituo cha mafuta, wakaenda kugombana huko.

Sasa mfuateni mtu anayenunua pipa Makambako, akapita nalo Kichiwa na Njombe, akateremka Ludewa mpaka Lupingu au Manda ufukweni mwa ziwa. Huyu ndiye ninayemwogopea kuliko wote. Mashine ya kusaga imefungwa kwenye saruji, tangi lake halitikisiki, na ikizima, hasara ni unga. Boti ni jambo jingine. Ziwa likiwa shwari, maji yamelala chini ya tangi, mashine inanguruma na nahodha anasifu mafuta yake. Upepo wa kusini ukianza kuvuma, tangi linayumba, maji yanainuka mpaka kwenye mdomo wa bomba la kunyonyea. Ndiyo maana mashine yenye maji tangini haikuzimii siku ya utulivu. Inakuzimia kwenye mawimbi, na boti iliyokosa mashine hugeuzwa ubavu, imepakia watu na magunia.

Hili halichagui maskini. Tarehe 13 Aprili 2010 ndege ya Cathay Pacific iliyoruka kutoka Surabaya, Indonesia, kwenda Hong Kong ikiwa na watu 322, ilifika injini zake mbili zikiwa zimekataa kumtii rubani. Maji ya chumvi yalikuwa yameingia kwenye mabomba ya mafuta ya kiwanja wakati wa ujenzi, yakaharibu vichujio, na chembe za vichujio hivyo zikakwamisha vifaa vya kupimia mafuta katika injini. Rubani alitua kwa mwendo wa karibu kilomita 425 kwa saa. Wote walitoka hai.

Tufanyeje basi? Pipa lilaze chini ya paa, vifuniko vyake viwili vikiwa usawa mmoja, kushoto na kulia, ili dizeli ivifunike kwa ndani. Kama lazima lisimame, liinamishe kwa kipande cha ubao, maji ya juu yasifikie mfuniko. Likishuka garini liache litulie usiku mzima kabla ya kuchota, wala usinyonye mpaka chini. Tangi la boti lijazwe jioni, si asubuhi, ili umande ukose nafasi. Bomba lake la kupumulia liinamishwe kama shingo ya bata, wimbi lisiingie. Na kila alfajiri, kabla mashine haijawashwa na kabla tangi halijatikiswa, koki ya chini ifunguliwe, kinachotoka kikingwe kwenye chupa nyeupe na kutazamwa kwenye mwanga. Kazi hii ni ya dakika mbili. Mwajiri mwenye akili ataiandika kwenye daftari kama sehemu ya kazi, na atailipia.

Wapo mafundi wanaoshauri kumimina spiriti tangini ili "iyeyushe maji." Mimi siafiki. Maji hayaondoki, yanabebwa tu mpaka kwenye nozeli. Na mashine ikishazima kwa maji, usiendelee kuizungusha kwa hasira. Futa tangi, badili filta, toa hewa kwenye mabomba, ndipo uwashe.

Ulichokinga kwenye chupa usikimwage mtoni wala ziwani. Kitie kwenye dumu, kiache kitulie siku mbili, dizeli itakayoelea juu uichote taratibu. Kwenye mashine isirudi, lakini gereji wataipokea kwa kuoshea vyuma.