Kingston, Mji wa Mawe Kando ya Ziwa

Wasikilizaji wetu, leo twataka kuwaelezeni habari za Kingston, mji mdogo wa Kanada ulio kando ya Ziwa Ontario. Mji huu ulipewa heshima ya kuwa makao makuu ya serikali, ukaipoteza baada ya miaka mitatu tu, wala haukufa. Na tuone sababu yake.

Kwanza tutazame mahali penyewe. Hapo ndipo ziwa linapoishia, na mto mkubwa wa St. Lawrence huanza safari yake kwenda baharini. Aliyepashika mahali hapo aliweza kuvizuia vyombo vyote vipitavyo. Wenyeji, yaani Wahaudenosaunee na Waanishinaabe, walipajua tangu kale. Mwaka wa 1673 Frontenac, gavana wa Wafaransa, alijenga boma hapo kwa ajili ya biashara ya ngozi. Waingereza waliliteka mwaka wa 1758. Mwaka wa 1783 waliipata nchi ile kwa Wamississauga, wakiwapa nguo, bunduki na baruti, ili wawape makao watu waliokimbia Marekani kwa kuwa walikuwa upande wa mfalme.

Vita na Marekani vilipotokea mwaka wa 1812, Kingston ilikuwa bandari ya manowari. Hapo iliundwa manowari St. Lawrence yenye mizinga 112, ikashushwa majini mwaka wa 1814. Lakini vita vilikwisha kabla haijapigana hata mara moja. Kisha Waingereza wakachelea njia yao ya mtoni isije ikakatwa na adui, wakachimba mfereji wa kilometa 202 kupita bara mpaka mahali ulipo mji wa Ottawa. Kazi hiyo ilianza mwaka wa 1826, ikamalizika mwaka wa 1832. Wafanya kazi mamia walikufa, na wengi wao kwa malaria, maana ugonjwa huo ulikuwako hata katika nchi ile ya baridi. Mfereji huo haukutumiwa vitani kamwe, bali ulichukua mizigo ya biashara.

Mwaka wa 1841 majimbo mawili ya Kanada yaliunganishwa, na Kingston ikachaguliwa kuwa makao makuu. Nyumba ya baraza haikuwako. Kwa hiyo wajumbe walikutana katika jengo la hospitali ya mji. Watu wa mji wakaanza kujenga jumba kubwa la mji lenye kuba, lililoelekea ziwani. Mwaka wa 1844, jumba lile lilipokuwa bado likijengwa, serikali ikahamia Montreal.

Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hospitali ilirudishiwa kazi yake. Mwaka wa 1847 Waairishi waliokimbia njaa kwao walifika wakiwa na homa kali iletwayo na chawa. Watu wapata 1,400 walikufa mjini, na masista wa Kikatoliki walikuwa miongoni mwa waliowauguza. Hospitali ile yatibu watu hata leo. Chuo cha Queen's, kilichopewa hati na Malkia Victoria mwaka wa 1841, kilianza masomo kikiwa na walimu wawili na wanafunzi wasiotimia ishirini. Sasa ni chuo kikuu chenye wanafunzi maelfu. Jumba lile la kuba lasimama bado, na ndani yake hukutana baraza la mji.

Majengo hayo ni ya mawe ya chokaa ya rangi ya kijivu, nayo ndiyo yaliyoupa mji sifa yake. Lakini kutunza mambo ya kale si kuyasifu yote. John A. Macdonald, waziri mkuu wa kwanza wa Kanada tangu mwaka wa 1867, alilelewa Kingston, na sanamu yake ilisimama katika bustani ya mji. Serikali yake ndiyo iliyoeneza shule zilizowatenga watoto wa wenyeji na wazazi wao. Mwaka wa 2021 baraza liliamua sanamu hiyo iondolewe.

Basi, wasikilizaji, cheo cha Kingston kilikuja na kuondoka kwa amri ya wengine. Kilichobaki ni kile ambacho watu wenyewe walikitumia kila siku: hospitali, chuo, mfereji na jumba lao. Kwaherini.