Gasketi Haifi Peke Yake

Ndugu msikilizaji, leo nataka tuzungumzie kitu ambacho unene wake unazidi kidogo tu milimita moja, na ambacho wenye magari wengi hawakijui mpaka siku kinapowaacha porini. Kitu hicho ni gasketi ya silinda hedi. Kazi yake ni kukaa katikati ya bloku na hedi na kutenganisha vitu vitatu visivyopatana: moto, maji na oili. Katika injini ya dizeli kazi hiyo ni nzito zaidi, maana dizeli haina plagi ya cheche. Huwaka kwa kubanwa kwa hewa. Injini ya Land Rover ile iitwayo 300Tdi hubana hewa mara kumi na tisa na nusu kabla mafuta hayajarushwa ndani. Gasketi ndiyo inayozuia nguvu yote hiyo isipenye pembeni.

Nasema juu ya Land Rover hiyo kwa makusudi. Mwezi wa Juni 2023, wakati wa msimu wa ufuta, nilikuwa Njinjo, wilayani Kilwa. Kwa asiyepajua, Njinjo iko bara ya Kilwa, upande wa Mto Matandu. Ukitoka Dar es Salaam unafika Nangurukuru. Wanaokwenda Kilwa Masoko wanakata kushoto, wewe unakata kulia na kuishika njia ya Liwale. Njia ile nilipoipita ilikuwa ya udongo, mahali pengine kichanga kizito. Gari lililobeba mizigo hupanda kwa gia ndogo, injini ikinguruma, upepo wa kupooza rejeta ukiwa kidogo na jua likiwa kali.

Hapo palikuwa na Land Rover 110 ya mzee mmoja, ya miaka ya tisini katikati, iliyokaa chini ya mwembe kwa wiki ya tatu. Gari hilo lilibeba magunia, abiria na hata maiti. Usiku mwanamke akishikwa na uchungu, na gari la wagonjwa likiwa limekwisha ondoka kwenda Hospitali ya Kinyonga kule Kilwa Kivinje, mlango uliogongwa ulikuwa wa mzee huyo. Sasa alikuwa amechoka. Gasketi ilikwisha badilishwa mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na mara zote mbili mafundi waliitwa kutoka mjini kwa nauli na posho. Haikumaliza miezi mitatu. Wanunuzi wa chuma chakavu walikuwa wamekwisha kuja na kutaja bei, na mzee alikuwa karibu kuikubali.

Kijana mmoja fundi wa pale pale ndiye aliyemsimamisha. Alimwamkia, akalizunguka gari, kisha akauliza: "Mzee wangu, kabla halijachemsha, maji yalikuwa yanakwenda wapi?"

Mzee akajibu, "Fundi, hayo maji nilikuwa naongeza kila asubuhi. Lita moja, lita moja na nusu."

Naomba msikilizaji ulitazame jibu hilo kwa makini, kwa sababu humo ndimo ulimokuwa ugonjwa. Maji ya rejeta hayanywewi. Mzunguko wake umefungwa, na gari zima linaweza kumaliza miezi bila kuongezwa hata kikombe. Anayeongeza lita moja kila asubuhi ana tundu mahali fulani, na mafundi wawili waliotangulia walilipwa kufunga gasketi mpya juu ya tundu lile lile la zamani.

Sasa tuangalie kinachotokea ndani. Bloku ya injini hii ni ya chuma cha kusubu, lakini hedi yake ni ya aluminiamu. Aluminiamu ikipata joto hurefuka karibu mara mbili ya chuma. Kipande chenye urefu wa nusu mita kikipanda joto kwa nyuzi 80, aluminiamu huongezeka takriban milimita 0.9, na chuma takriban nusu ya hapo. Maana yake ni kwamba kila siku, asubuhi na jioni, hedi inateleza kidogo juu ya gasketi, inakwenda na kurudi. Gasketi imetengenezwa kuvumilia mwendo huo. Haiwezi kuvumilia maji yakiisha, hedi ikapata joto kali upande mmoja na kupinda.

Na hapa iko hadaa moja ambayo imewaponza madereva wengi. Geji ya joto inapima maji. Maji yakishuka chini ya ile sensa, inabaki inapima hewa na mvuke, na mshale unaweza kushuka badala ya kupanda. Dereva anaushukuru mshale wakati injini inaungua. Anayeendesha gari kuukuu njia za bara na aangalie pia kitungi cha maji, na apapase mpira wa juu wa rejeta asubuhi kabla ya kuwasha. Injini iliyolala usiku kucha mpira wake huwa laini. Ukiukuta mgumu kama umejazwa pumzi, basi moto wa silinda unavuja kuingia kwenye maji. Mapovu ndani ya kitungi, moshi mweupe usiokoma, na oili iliyogeuka rangi kama chai ya maziwa, hizo nazo ni dalili, lakini mara nyingi huja baadaye.

Fundi wetu alitafuta tundu kabla ya kufungua hata nati moja ya hedi. Alilikuta mbele ya injini. Kuna kigasketi kidogo chenye umbo la herufi P, baina ya bloku na kile kipande kinachobeba pampu ya maji na alteneta. Wanaozijua Tdi wanakifahamu sana. Kilikuwa kimelika, na maji yalikuwa yakichirizika polepole na kukaushwa na joto kabla hayajafika chini, yakiacha alama nyeupe ya chumvi tu. Aidha, rejeta ilikuwa imezibwa kwa matope na mbegu za majani karibu nusu yake. Na maji yenyewe yalikuwa ya kisima, bila dawa. Watu wetu wanadhani dawa ya rejeta ni ya nchi za barafu. Hapana. Dawa hiyo huzuia aluminiamu isiliwe, na hupandisha kiwango cha kuchemka. Kifuniko cha presha nacho ni hivyo hivyo: kikiwa kizima, maji hufika karibu nyuzi 120 ndipo yachemke, kikiwa kibovu, au kimebadilishwa na kitambaa na mfuko wa nailoni kama nilivyoona mara nyingi, yanachemka kwenye mia.

Baada ya hapo ndipo alipofungua. Injini hii ina heri moja kwa fundi wa kijijini: kamshafti yake iko chini ndani ya bloku, na valvu husukumwa kwa vijiti virefu. Hivyo hedi inatoka bila kugusa mkanda wa taimingi. Vile vijiti kijana alivichomeka kwenye katoni, kila kimoja katika tundu lenye namba yake, ili kirudi pale pale kilipotoka. Mabomba ya nozeli aliyaziba kwa vipande safi vya plastiki, kwa kuwa chembe moja ya mchanga wa Njinjo inatosha kuua nozeli. Bolti ni kumi na nane. Alizilegeza kidogo kidogo, kuanzia pembeni kuja katikati, na hedi ikiwa imepoa kabisa. Anayefungua hedi ya moto anaipinda mwenyewe.

Kuchonga uso wa hedi hakukuwezekana pale, maana mashine ya karibu haikuwapo. Lakini kabla ya kuchonga hupimwa kwanza. Aliazima dukani kipande cha kioo kinene, akakilaza juu ya hedi iliyosafishwa, na kupitisha bati jembamba la unene wa sehemu ya kumi ya milimita kila upande. Halikupenya. Kisha akapaka mafuta ya taa katikati ya valvu, akayafuta, akanyunyiza vumbi la chaki. Kama kuna ufa, mafuta hujitokeza na kuchora mstari. Hapakuwa na mstari. Nadhani hapo ndipo mzee alipoanza tena kuzungumza na watu vizuri.

Gasketi iliagizwa Dar es Salaam ikaja kwa basi mpaka Nangurukuru. Fundi hakuagiza "gasketi ya Tdi" tu kama wengine wafanyavyo. Gasketi hizi zina unene wa namna tatu, na hutambulishwa kwa vitundu vidogo vilivyotobolewa ukingoni, kimoja, viwili au vitatu, kulingana na jinsi pistoni zinavyochomoza juu ya bloku. Alipima pistoni, akataja idadi ya vitundu. Wala hakupaka silikoni. Gasketi hii hufungwa ikiwa kavu, na matundu ya bolti yakiwa makavu vile vile, kwa sababu oili au maji yakibaki chini ya tundu lililoziba, bolti inapoyabana yanaweza kupasua bloku.

Sasa kukaza. Kitabu kinasema bolti zikazwe kwanza kwa nguvu ya Newton mita 40, kuanzia katikati kwenda pembeni, halafu zizungushwe digrii 60, halafu 60 nyingine, na zile ndefu ziongezwe 20. Ile spana ya kipimo, ambayo mafundi huiita toki, Njinjo hakuna aliyekuwa nayo. Mafundi wale wa kwanza walikaza kwa mkono na kwa kudra. Kijana huyu alikwenda kwa mchuuzi wa samaki, akaazima mizani ya kuning'iniza. Alifunga ndoano ya mizani kwenye mpini, nusu mita kamili kutoka kwenye bolti, akaivuta kwa kulala, ikiwa imenyooka pembe mraba na mpini, mpaka iliposoma kilo nane. Kilo nane kwa nusu mita ni Newton mita 39 na kidogo. Na kuhusu digrii 60, kichwa cha bolti kina pande sita. Kuzunguka upande mmoja ndiyo digrii 60 yenyewe. Alitia alama ya chaki akazungusha uso mmoja, kisha uso mwingine. Zile 20 za mwisho alizikadiria kwa theluthi ya uso.

Mwanya wa valvu aliweka milimita 0.20 injini ikiwa baridi. Kigasketi cha P kilibadilishwa, rejeta ilitolewa ikaoshwa kutoka nyuma kwenda mbele, kifuniko kikanunuliwa kipya, na dawa ikatiwa kwa kipimo. Kazi nzima ilichukua siku mbili. Malipo aliyoyataja yalikuwa chini ya nauli ya mafundi wa mjini, na mimi nilimwambia mbele ya mzee kwamba amejipunja. Wanunuzi wa chuma chakavu waliporudi Jumamosi walikuta mahali pale pana mafuta yaliyomwagika na katoni yenye matundu manane tu; nao gari lilikuwa limekwenda Kivinje na mgonjwa.

Watakuwapo wasikilizaji watakaouliza juu ya Land Cruiser, ile tunayoiita mkonga, yenye injini ya 1HZ ya silinda sita na lita 4.2, iliyotoka tangu 1990. Hiyo bloku na hedi vyote ni chuma cha kusubu, kwa hiyo vinarefuka pamoja, na inasamehe makosa ambayo Tdi haisamehi. Lakini kamshafti yake iko juu, na ili kutoa hedi lazima mkanda wa taimingi uvuliwe. Kabla ya kuuvua, zungusha injini mpaka alama zote zioane, na baada ya kuurudisha izungushe kwa mkono mizunguko miwili kamili ndipo uguse swichi. Mkanda ukiruka meno, valvu hukutana na pistoni, na hapo gasketi itakuwa ndiyo spea ya bei ndogo kuliko zote utakazonunua.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumzia betri.