Likizo ya Kiangazi Katika Kisiwa cha Gozo

Leo ningependa mfuatane nami katika safari fupi mpaka Gozo, kisiwa kidogo cha Bahari ya Mediterania kilicho jirani na Malta.

Mgeni hupanda meli ya kuvusha watu na magari katika bandari ya Ċirkewwa huko Malta, na kabla ya nusu saa kupita huwa amefika Mġarr. Eneo la kisiwa hiki halizidi sana kilometa za mraba 67, hata aamkaye mapema aweza kuoga pwani ya kaskazini asubuhi, na ya kusini jioni. Wakati wa kiangazi mvua ni nadra, na jua ni kali. Karibu na Xwejni wenyeji wamechonga mamia ya vidimbwi katika mwamba wa pwani; maji ya bahari hukauka humo, na chumvi ikabaki ya kufagiwa na kukusanywa.

Akienda sokoni, Mswahili huenda akashangaa. Mia kwao ni “mija”, nayo husomwa miya. Elfu ni “elf”. Kitabu ni “ktieb”. Sababu yake ni kwamba Kimalta ni mtoto wa Kiarabu, ingawa huandikwa kwa herufi za Kirumi, na lugha yetu nayo imeteka maji katika kisima kicho hicho.

Watu wengi huenda Gozo kutafuta utulivu, nao huupata. Lakini utulivu ule una historia yake. Panda mpaka ngome iliyo kilimani, katika mji wa Victoria, ambao wenyeji huuita Rabat. Mwezi wa Julai 1551, katika majira yaya haya ya likizo, merikebu za Waturuki zilikuja, na pamoja nao nahodha mashuhuri Turgut Reis. Ngome ilipigwa mizinga, na baada ya siku chache ikasalimu amri. Watu yapata 5,000, karibu wakazi wote, wakachukuliwa utumwani. Sisi wa pwani ya Afrika ya Mashariki hatuhitaji kuelezwa maana ya neno hilo.

Basi kisiwa kikawa kimya, lakini kimya cha nyumba iliyohamwa. Baadaye baadhi ya mateka walikombolewa wakarudi, na wengine wakahamia kutoka Malta. Hata hivyo, mpaka mwaka 1637, sheria iliwataka watu walale ndani ya ngome kila usiku, kwa hofu ya wavamizi.

Leo wakazi wamezidi 30,000, na milango yao hutazama bahari bila woga. Kwa hiyo, uendapo huko, ingia kama mgeni aingiavyo nyumbani mwa watu. Usikanyage vidimbwi vya chumvi, maana ni riziki ya mtu. Tumia maji kwa kiasi, kwani kisiwa hakina mto utiririkao mwaka mzima. Uingiapo kanisani, funika mabega. Na jioni, ukikaa juu ya mchanga mwekundu wa Ramla na kusikia mawimbi tu, kumbuka kwamba bahari ile ile iliyowaletea wenyeji msiba ndiyo iliyokuleta wewe. Nao wamekupokea kwa salamu.

Kwaherini, wasikilizaji, mlale salama.