Gawa Mavuno Kabla Hujauza

Leo tuzungumze juu ya mpango wa fedha. Usidhani jambo hili ni la watu wa mishahara tu. Wao hulipwa kila mwezi. Wewe unayetegemea mahindi hulipwa mara moja kwa mwaka, basi wewe ndiwe mwenye haja zaidi ya kupanga.

Huku Nyanda za Juu Kusini tunavuna kuanzia mwezi Juni. Wakati huo kila mtu anauza, na bei huwa chini. Ikifika Februari, mahindi mapya yangali shambani, maghala mengi ni matupu, na mara nyingi bei imepanda. Tuseme uliuza gunia mwezi Julai kwa shilingi 50,000, na Februari unanunua la kilo zile zile kwa shilingi 90,000. Umepoteza shilingi 40,000. Ukinunua magunia matatu umepoteza shilingi 120,000, na mbolea utaikosa.

Haya, tufanyeje?

Kwanza, kabla mnunuzi hajapiga hodi, kaeni baba na mama mhesabu chakula. Nyumba inayotumia kilo 2 za mahindi kwa siku hutumia kilo 730 kwa mwaka. Hayo ni magunia saba ya kilo 100, na kilo 30 juu yake. Wekeni manane, maana wageni nao hula. Hayo hayauzwi, wala hayageuki pombe.

Pili, chukueni daftari. Andikeni matumizi makubwa ya mwaka, kila moja na mwezi wake: Novemba, mbegu na mbolea; Januari, sare na madaftari ya watoto; na akiba ya ugonjwa, ambao hauna mwezi. Ekari moja ya mahindi huhitaji mbegu kiasi cha kilo 10. Mbegu chotara hununuliwa upya kila msimu. Ukipanda punje za mavuno yake, mazao hupungua.

Tatu, uza kwa kufuata daftari. Ukivuna magunia 15, yanabaki saba ya kuuza. Uza matatu kwa mahitaji ya sasa, na manne yangoje. Usingoje na yote kwa tamaa, kwani kuna miaka bei haipandi. Pima kwa mizani. Ukifunga lumbesa unampa mnunuzi mahindi ya bure. Na fedha ya mbolea ikipatikana, nunua mbolea mara moja. Fedha ikikaa mfukoni haikosi mtu wa kuiomba.

Wazee husema akiba haiozi. Kweli, lakini mahindi huoza, tena dumuzi huyasaga yakawa unga ghalani. Yakaushe vizuri, unyevu usizidi asilimia 13. Pukuchua, pepeta, tia katika mifuko maalumu isiyopitisha hewa, kisha funga barabara. Mfuko uliotobolewa na panya haufai tena kwa kazi hiyo.

Ndugu mkulima, daftari la shule la mtoto lenye kurasa tupu latosha kuanzia. Jioni ya leo fungueni ukurasa wa kwanza, na vijana wawepo wasikie. Gunia la chakula likijulikana na nyumba nzima, si rahisi litoke usiku.

Kwaheri, mpaka kipindi kijacho.